Chujio Lisilojua Kigweno

 

Leo nina habari ya barua moja. Iliandikwa mapema Januari 2010 na mzee mmoja Mjerumani, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiwalipia karo wasichana wawili katika shule ya sekondari huko Ugweno, milimani juu ya Mwanga mjini. Barua ilisema fedha za muhula zimeshatumwa, shule ikaulize benki, na kumbukumbu ya malipo ni hii hapa. Ilifika. Ilifika kwenye seva ya barua pepe ya shule saa nne kasorobo asubuhi, na kumbukumbu za mashine zinaonyesha hivyo. Lakini hakuna aliyeisoma. Programu niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe iliipokea mlangoni, ikaipima, ikaona imezidi kiwango nilichokiweka, ikaitupa. Haikumwambia mzee yule, haikuiambia shule. Wiki ya pili ya muhula wasichana wale walirudishwa nyumbani kufuata karo. Mmoja alirejea mwezi Machi, mambo yalipojulikana. Wa pili hakurejea. Alikuwa ameshapelekwa Arusha kwa shangazi yake kuuza duka, na hakuna aliyemfuata.

Nimekaa na habari hii miaka mingi. Naisema leo kwa sababu kosa lile bado linatendeka, kwenye shule, kwenye zahanati, kwenye SACCOS, popote penye seva iliyofungwa na fundi, fundi akaondoka zake. Na anayeumia si yule mtuma barua taka.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Huenda huna barua pepe, lakini simu unayo. Na kama simu unayo, umeshaletewa ule ujumbe: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Hukumwahidi mtu hela. Aliyekuandikia hakujui wala hana haja ya kukujua. Ametupa ndoano kwa namba mamia kwa mamia akitumaini kwamba kati ya hao yupo mmoja ambaye kweli asubuhi hiyo anadaiwa. Au ule wa kukualika Freemason utajirike. Kwa upande wa simu, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, wametupa namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa namna hiyo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu chake kuhusu ujumbe unaotumwa bila kuombwa. Barua taka ni uovu huohuo kwenye barua pepe, ila wenyewe ni wa zamani zaidi. Mei 1978 mtu wa masoko wa kampuni ya DEC huko Marekani, Gary Thuerk, aliwaandikia watu wapatao 400 kwa mpigo mmoja kutangaza kompyuta mpya. Mwaka 1994 mawakili wawili, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel, waliijaza intaneti kwa tangazo la bahati nasibu ya kadi ya kijani ya kuishi Marekani. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na tangazo la kadi ya kijani bado linapanda mpaka Ugweno.

Sasa nirudi kwenye seva yetu. Ilikuwa ni nafasi tuliyokodi kwa mtoa huduma mmoja Dar es Salaam. Shuleni kulikuwa na kompyuta moja na modemu ya simu iliyofungwa kwenye mti wa antena ili ishike mnara. Waya wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulikuwa umeanza kazi Dar Julai 2009, lakini nafuu ya bei ilichelewa sana kupanda mlima. Kila megabaiti tuliyovuta ilikuwa ni vocha, na vocha ilikuwa inatoka kwenye fungu la chaki. Mkuu wa shule aliniambia jambo moja tu: fundi, tukifungua asubuhi tukute barua zetu, takataka zibaki hukohuko. Nami nikampa alichoomba. Nilifunga SpamAssassin, programu ya bure ya kuchuja barua taka iliyoanzishwa mwaka 2001 na Justin Mason wa Ireland na ambayo tangu 2004 inalelewa na taasisi ya Apache, nikaiamuru: chochote kitakachozidi pointi tano, futa.

Hapo pana makosa mawili, na yote mawili bado nayakuta kila ninapoitwa kutazama seva ya mtu.

SpamAssassin haisemi ndiyo au hapana. Inaikagua barua kwa mamia ya kanuni ndogondogo, na kila kanuni ina pointi zake. Kichwa cha barua kimeandikwa kwa herufi kubwa tupu, ongeza. Imetoka kwenye anwani ambayo imeshaorodheshwa kwa utumaji mbaya, ongeza sana. Inataja mamilioni ya dola, ongeza. Nyingine zinapunguza. Mwisho inajumlisha, na kawaida ikifika tano inaibandika barua alama kwamba hii yaelekea ni taka. Sikiliza vizuri neno hilo: yaelekea. Waliotunga programu wenyewe waliiweka ile tano iwe ya kubandikia alama. Kufuta ni uamuzi niliouongeza mimi, kwa kuihurumia vocha.

Kosa la pili ni la marekebisho, nalo lilifichuliwa na tarehe. Katika zile kanuni ilikuwamo moja ya kuwakamata wajanja wanaoandika tarehe za mbele ili barua zao zikae juu ya orodha. Aliyeitunga, zamani hizo, aliiandika hivi: ukiona mwaka kuanzia 2010 hadi 2099, hiyo ni tarehe ya mbali mno, ongeza pointi tatu na ushee. Basi ilipogonga saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2010, kila barua halali duniani iliyopita kwenye SpamAssassin yenye kanuni ile ilianza safari ikiwa na pointi tatu shingoni. Haikuwa Ugweno peke yake. Wenye programu waligundua na wakatoa marekebisho siku hiyohiyo. Lakini marekebisho hayaji yenyewe. Inabidi seva iambiwe iyafuate kila siku kwa ratiba. Ratiba hiyo sikuiweka. Niliifunga programu, nikaijaribu kwa barua mbili, nikaona inakamata, nikapanda gari nikashuka zangu Mwanga.

Mzee wa Kijerumani alibakiza pointi mbili tu kufika shimoni, na zikapatikana kirahisi. Alikuwa ameandika kichwa cha barua kwa herufi kubwa, kama wazee wengi wanavyopenda ili kionekane. Tena aliandika Kiingereza cha heshima: wapendwa marafiki, fedha zimehamishwa, tafadhali thibitisheni kupokea, Mungu awabariki.

Nataka nisimame kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo penye uzito wa mazungumzo haya. Kiingereza hicho ni kipi? Ni Kiingereza chetu. Ndicho tulichofundishwa na walimu wetu, ndicho anachokiandika mchungaji, mhasibu wa ushirika, mwenyekiti wa bodi ya shule. Mpendwa katika Kristo. Naomba kuwasilisha kwako. Mfadhiliwa. Kuhamisha fedha. Sasa wale matapeli wa barua za urithi, wanaosema kuna mamilioni ya marehemu jenerali yamekwama benki, wao nao wamesoma shule za namna ileile, Kiingereza chao ni hichohicho cha heshima na cha kanisani. SpamAssassin ina kundi zima la kanuni kwa ajili ya barua hizo. Pointi za kanuni zilipimwa kwa marundo ya barua zilizotolewa na watu wa kujitolea, na wengi wa watu hao ni wa nchi ambako hakuna anayeandika namna hiyo isipokuwa tapeli. Kwa hiyo chujio likajifunza kwamba adabu yetu ni dalili ya wizi. Halikuwa na nia mbaya. Halijawahi kusoma barua ya karo kutoka Ugweno, basi.

Ndiyo maana nasema chujio la barua halifungwi kama bomba ukaondoka. Unaletewa likiwa na akili ya mahali pengine, na kama hukulifundisha mahali lilipo litawatupa nje watu wa nyumbani na kumwacha mgeni aliyevaa vizuri apite.

Tulichofanya baada ya mwezi Machi ndicho ninachokifanya kila mahali hadi leo, na nakieleza polepole ili fundi anayenisikiliza asikose kitu.

Wasiokulia milimani niwaeleze ndiva. Ni bwawa dogo la mawe na udongo lililojengwa na wazee wetu kwenye njia ya mfereji. Maji ya mfereji ni machache. Ukiyaacha yatembee yenyewe yanapotelea njiani. Kwa hiyo usiku ndiva inazibwa, maji yanakusanyika, na asubuhi msimamizi anakuja anazibua, kila shamba linapata kwa zamu yake. Maji hayamwagwi usiku kwa sababu ya giza. Yanangojea mtu.

Barua zenye mashaka tukazifanyia hivyohivyo. Barua iliyo chini ya tano inakwenda moja kwa moja kwa mwenyewe. Iliyo kati ya tano na kumi na tano inaingia kwenye sanduku la kungojea, hukohuko Dar, haivutwi wala haili vocha. Kila asubuhi saa mbili mtu mmoja anavuta orodha tu, jina la mtumaji na kichwa cha barua, anapitisha macho, na ile iliyo halali anaizibulia. Iliyozidi kumi na tano inakataliwa palepale mlangoni kabla seva haijaipokea. Tofauti ya kukataa mlangoni na kufuta ndani ni kubwa sana. Ukikataa mlangoni, seva iliyoileta hulazimika kumrudishia mtumaji taarifa kwamba barua yako haikupokelewa. Kama mzee yule angerudishiwa neno hilo moja tu, angepiga simu siku ileile. Tuliifuta ndani, kwa hiyo seva yetu ilimjibu kwamba imepokea, na yeye akakaa miezi miwili akiamini sisi ni watu wasioshukuru.

Kazi ya asubuhi tukampa katibu muhtasi wa shule, mama mmoja wa Msangeni, ambaye sote tulimwita Mama Katibu. Pamoja na kuzibua, nilimwomba kitu kingine: kila barua aipeleke upande mmoja wa mizani, hii njema, hii taka. Programu ina sehemu inayojifunza kwa kuhesabu maneno, na hesabu yake imetoka kwa mchungaji Mwingereza wa karne ya 18, Thomas Bayes. Ukishalionyesha chujio barua njema nyingi na taka nyingi, linajua neno fulani hupatikana mara ngapi upande huu na mara ngapi upande ule, na barua mpya ikija linapima maneno yake yote kwa pamoja. Lakini halianzi kazi mpaka limeonyeshwa barua njema 200 na taka 200. Kabla ya hapo sehemu hiyo inakaa kimya. Seva nyingi ninazozikuta ziko kimya hivyo miaka mitano, miaka saba, na wenyewe wanadhani linajifunza.

Taka 200 tulizipata kwa siku nne. Barua njema 200 zilituchukua hadi mwezi Mei, maana shule ya mlimani inaandikiwa barua ngapi kwa siku? Mama Katibu hakuruka hata moja.

Jumamosi moja nilipita kwake nikamkuta barazani na ungo wa maharage, anachambua kwa ajili ya makande ya siku ya pili. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza anawezaje kuzitambua zile ambazo hata mimi zinanipiga chenga, kwa sababu wiki hiyo alikuwa amekamata barua iliyomtaja mkuu wa shule kwa jina na kuagiza mhasibu alipe haraka. Alinisogezea ungo. "Mwanangu, hebu toa mawe." Nikatoa meupe matatu. "Hayo hata mtoto anayaona. Endelea." Sikuona mengine. Akapitisha kiganja taratibu, vidole vikasimama, akaokota jiwe la rangi ya damu ya mzee, rangi ileile ya maharage yenyewe. "Hili ndilo linalovunja jino. Hili macho hayalioni. Kidole ndicho kinachojua, kwa kuwa kimeshika maharage mengi kuliko mawe." Kisha akaniambia kuhusu ile barua: mkuu wetu hawezi kumwandikia mhasibu bila kumsalimia kwanza na kumuuliza habari za mgonjwa wake.

Nimezisoma kurasa nyingi za maelekezo ya kuchuja barua, na nimehudhuria mafunzo ya kutosha. Maneno yale ya kidole kilichoshika maharage mengi ndiyo maelezo bora ya chujio la Bayes niliyowahi kuyasikia. Watu hulionyesha taka tu. Wanaona uchungu na taka, kila wakiiona wanalionyesha, na barua njema wanazisoma na kunyamaza. Chujio la namna hiyo limeshika mawe tu, halijui haragwe lilivyo.

Na sasa niwaambie kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Mwezi Juni nilizipitisha tena barua njema kwenye chujio, linionyeshe ni maneno gani linayapa uzito wa wema. Karo lilikuwamo, mzazi, muhula, bweni, kikao. Yalikuwamo majina ya kwetu, Shighatini, Kifula, Msangeni. Na juu kabisa, yenye wema usio na doa hata kidogo, yalikuwa maneno ya Kigweno. Wanafunzi wa zamani walioko Dar, Mombasa, Muscat, wakiandika shuleni hutia salamu za nyumbani mwanzoni na mwishoni, na salamu hizo hutoka kwa Kigweno, lugha yetu ndogo iliyo ndugu na Kichaga na iliyokaa na Chasu, yaani Kipare, mpaka zimefanana. Hakuna tapeli duniani aliyewahi kuandika Kigweno. Neno moja la Kigweno likawa na nguvu kama barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kitongoji iliyopigwa muhuri. Tumezoea kuambiwa lugha za milimani hazina kazi kwenye kompyuta. Pale zilikuwa zinawapitisha watoto wake mlangoni.

Kuhusu muhuri, nigusie upande wa kutuma, kwa ufupi, maana wengi huniuliza kwa nini barua zao hazifiki Gmail. Zipo hati tatu unazoziweka kwenye jina lako la intaneti. Ya kwanza, SPF, inataja ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lako. Ya pili, DKIM, ni sahihi inayobandikwa kwenye kila barua, ambayo mpokeaji anaweza kuihakiki. Ya tatu, DMARC, inamwambia mpokeaji afanye nini akikuta barua yenye jina lako isiyo na hizo mbili. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila mtumaji awe walau na moja kati ya mbili za kwanza, na wanaotuma kwa wingi, kwa Google ni barua 5,000 au zaidi kwa siku, wawe na zote tatu. Ni kazi ya saa moja kwa fundi anayejua. Kama jina lako la shule linaishia na sc.tz na hujawahi kuambiwa habari hizi, mpigie aliyekufungia, leo.

Tulipohamia kwenye seva kubwa zaidi tuliongeza pia ile hila ya njoo baadaye. Seva ngeni ikigonga kwa mara ya kwanza inaambiwa kwa upole, sina nafasi sasa hivi, rudi baada ya dakika tano. Seva ya kweli hurudi, ndivyo ilivyoagizwa na kanuni za barua pepe. Mashine za matapeli zilikuwa hazirudi, zina haraka ya kwenda kwa wengine. Siku hizi nyingi zimejifunza kurudi, na barua halali zinacheleweshwa, hasa zile za seva kubwa zinazogonga kila mara kwa anwani tofauti. Mahali pengi nimeiondoa.

Jambo linalonihangaisha sasa ni lingine. Miaka yote ile Kiswahili kilitulinda. Barua taka ilikuwa ya Kiingereza, na pale tapeli alipojaribu Kiswahili, kilikuwa kimevunjika kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne angemkamata. Tangu mwisho wa mwaka 2022, zilipotoka hizi programu za kompyuta zinazoandika lugha kama mtu, ninakuta kwenye masanduku ya kungojea barua za Kiswahili safi. Ngeli zimekaa sawa. Salamu zipo. Zinamuuliza mhasibu habari za mgonjwa wake. Jiwe limepakwa rangi ya haragwe. Chujio lililofundishwa mwaka 2010 na kuachwa halitaliona, na lile ambalo halijawahi kusoma Kiswahili kabisa ndilo litakalofanya kinyume cha kazi yake, litaipitisha hiyo iliyoandikwa vizuri na kumnasa mzazi aliyeandika kwa simu bila nukta, herufi kubwa mwanzo hadi mwisho.

Shule moja peke yake haiwezi kushindana na hali hiyo. Barua zake njema ni chache mno. Lakini ndiva haikuwa ya mtu mmoja. Tope likijaa, mbiu inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, tunakwenda msaragambo, na jioni bwawa liko safi. Nami napiga mbiu ya namna hiyo.

Najua swali litakalokuja: nitampaje mtu mwingine barua za shule yangu, zina majina ya watoto, zina habari za wagonjwa? Usimpe. Na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, usimpe hata ukibembelezwa. Kinachohitajika ni hesabu, na hesabu inaweza kutoka bila barua. SpamAssassin haihifadhi neno karo kama karo. Inalisaga kwa kanuni ya hisabati mpaka linabaki msururu wa tarakimu usioweza kurudishwa nyuma ukawa neno, halafu pembeni inaandika: hili nimelikuta kwenye njema mara 90, kwenye taka mara 1. Faili la hesabu hizo linatolewa kwa amri moja. Mtu mwenye kamusi na subira anaweza kusaga maneno ya kamusi yake na kulinganisha, akajua kwamba kwenu hutumika neno fulani. Hilo nalisema wazi ili mwenye siri kubwa apime mwenyewe, na hospitali nazishauri zingoje kwanza. Kwa shule, ushirika na makanisa sioni hatari ya kutuzuia.

Nimeshapata faili tatu, mbili za Ugweno na moja ya Usangi. Nimeziunganisha kwenye seva ya majaribio nikaipitishia barua za mwezi mmoja za shule yetu. Zile za wazazi zilizokuwa zinanaswa kwa sababu ya herufi kubwa zilipita zote. Kati ya taka za Kiswahili kizuri, chujio lilikosa karibu nusu. Nusu ni nyingi, na haitapungua kwa faili tatu.

Kwa hiyo, fundi unayenisikiliza, ukiwa Same, ukiwa Mwanga, ukiwa Gonja au Mamba huko Upare Kusini: usiku wa leo ingia kwenye seva yako utazame mambo matatu. Je, inafuta, au inangojesha? Marekebisho ya kanuni iliyavuta lini mara ya mwisho? Na ile sehemu ya kujifunza imeshaonyeshwa barua njema ngapi? Kisha Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, nitakuwa Kikweni njia panda, nikiwa na kompyuta na kebo. Njoo na flashi yenye faili lako la hesabu. Asiyejua kulitoa aje hivyohivyo, tutalitoa pamoja. Mama Katibu amestaafu sasa, lakini amesema atashuka, kwa kuwa anataka kukaa na makatibu wenzake kando, mbali na sisi mafundi, awaonyeshe barua ishirini alizozichagua yeye mwenyewe na kuwauliza moja moja: hii umeisikia vipi?